Mtoto Amelala, Lakini Anasikia

Kama unaosha vyombo, endelea kuosha. Kama unanyonyesha, keti vizuri, uegemee ukuta, kisha tuzungumze. Leo mada yetu ni utulivu wa nyumba, na jinsi unavyohusika na afya ya mtoto wako.

Huenda unajiuliza, "Kwani utulivu wa nyumba ni mambo ya afya? Si afya ni chanjo, chakula na maji safi?" Ni kweli, hayo yote ni afya. Lakini mtoto aliyepata chanjo zote na kushiba vizuri anaweza bado kuumia, ikiwa kila usiku nyumbani ni makelele na matusi. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Katika nyumba, nyasi ni watoto.

Je, mtoto mchanga anajua ugomvi?

Watu wengi husema, "Huyo bado ni mdogo, hajui kitu." Wengine hungoja mtoto alale ndipo waanze kuulizana pesa za kodi zimeenda wapi, au kwa nini mmoja wao amechelewa kurudi. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambapo kitanda kimetenganishwa na jiko kwa pazia tu, mtoto huwa hatua mbili kutoka kwa wale wanaogombana. Sisi hujipa moyo kwamba amelala, basi hasikii.

Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu jambo hili hasa. Walichukua watoto 20 wenye umri wa kati ya miezi 6 na 12. Watoto hao walipokuwa wamelala usingizi wao wa kawaida, waliwekwa katika mashine inayoonyesha ubongo unavyofanya kazi. Kisha walichezewa sauti ya mwanamume akitamka maneno yasiyo na maana yoyote. Mara alitamka kwa furaha, mara kwa sauti ya kawaida, mara kwa hasira kidogo na mara kwa hasira kali. Ubongo wa watoto hao, wakiwa usingizini, ulitofautisha sauti hizo. Na wale waliotoka katika nyumba zenye ugomvi mwingi kati ya wazazi, ubongo wao ulishtukia zaidi sauti ya hasira kali, katika sehemu zinazohusika na hisia na mfadhaiko.

Mama, tuelewane. Watoto 20 ni wachache, na uchunguzi huo haukusema kwamba ugomvi wa siku moja huharibu ubongo wa mtoto. Lakini unatuonyesha kwamba usingizi haumzibi mtoto masikio. Yeye haelewi "kodi" wala "deni." Anachotambua ni sauti. Kumbuka kwamba mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, na huzaliwa akiitambua sauti ya mamake. Sauti ile ile inayombembeleza mchana ikigeuka kuwa ya vita usiku, yeye huijua.

Mwili wa mtoto hufanya nini?

Tuchukue mfano. Unatembea njiani, na ghafla mbwa mkali anakurukia akibweka. Moyo unapiga kwa kasi, pumzi zinakuwa fupi, mikono na miguu inakaza. Mwili umetoa homoni za dharura, yaani adrenalini na kotisoli, ili uweze kukimbia au kujikinga. Hiyo ni kinga nzuri. Mbwa akienda zake, baada ya muda mwili wako hutulia.

Sasa fikiria mbwa huyo yuko mlangoni pako kila jioni. Mwili wako utatulia saa ngapi? Mtoto wa nyumba yenye ugomvi wa kila siku huishi hivyo. Isitoshe, yeye hawezi kukimbia, na wale ambao angekimbilia ndio wanaogombana.

Miaka ya kwanza ndiyo ubongo wa mtoto hukua kwa kasi zaidi. Mtoto anapofika umri wa miaka 2, ubongo wake huwa umefika karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ikiwa katika miaka hiyo homoni za dharura zinabaki juu kwa muda mrefu, na hakuna mtu wa kumtuliza, zinaweza kuathiri usingizi wake, uwezo wake wa kujifunza na kukumbuka, na hata nguvu za mwili wake za kupigana na magonjwa.

Kuna habari njema pia. Kinga kubwa ya mtoto dhidi ya mfadhaiko huu ni mtu mzima anayempenda na kumtuliza kila mara. Huyo anaweza kuwa mama, baba, nyanya au yaya. Ndiyo maana mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walipotoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo, walitaja mambo matano ambayo kila mtoto anahitaji: afya njema, lishe bora, usalama, nafasi ya kujifunza mapema, na mlezi anayemwitikia. Mlezi anayemwitikia mtoto ni yule anayemwangalia, akasikia kilio chake, akajua anataka nini, na kumjibu kwa upole. Hakuna nyumba iliyo maskini kiasi cha kukosa jambo hili.

Dalili za kuangalia

Utajuaje kwamba makelele ya nyumba yanamsumbua mtoto wako? Mtoto mchanga anaweza kushtuka kwa sauti ndogo, kulia sana, au kukataa kulala na kunyonya. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 anaweza kukung'ang'ania asitake uende hata chooni. Anaweza kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha. Wengine huota ndoto mbaya, hupiga wenzao, au hunyamaza kimya kupita kiasi. Mtoto wa shule anaweza kulalamika tumbo au kichwa kila asubuhi, au kushuka katika masomo.

Dalili hizi zinaweza pia kuletwa na ugonjwa. Kwa hivyo usikisie. Mpeleke kliniki apimwe, na unapozungumza na mhudumu wa afya, mweleze pia hali ilivyo nyumbani. Usione haya. Hiyo ni sehemu ya matibabu.

Na wewe mama, je?

Hatuwezi kuzungumza kuhusu utulivu wa mtoto tukamsahau mama. Mama anayenyonyesha akiwa na hofu au hasira nyingi, maziwa yanaweza kuchelewa kushuka. Mtoto hunyonya, hapati haraka, halia. Mama naye hudhani maziwa yamekauka. Mara nyingi hayajakauka. Keti mahali patulivu, pumua polepole, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, umpe nafasi ajaribu tena.

Tena, wamama wengi hupata huzuni na machozi ya bure siku chache baada ya kujifungua. Huzuni hiyo kwa kawaida huisha yenyewe kabla ya wiki 2. Lakini ikiwa imepita wiki 2 na bado huna raha, huna usingizi hata mtoto akilala, au humwonei mtoto hamu, nenda kliniki. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Si uvivu, si kurogwa, na unatibika. Ukianza kupata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, akupeleke hospitali.

Tufanye nini ili nyumba itulie?

Nyumba tulivu haimaanishi nyumba isiyo na kelele. Watoto watacheza, sufuria zitagongana, redio ya jirani wa ploti italia. Wala haimaanishi watu wasiotofautiana. Watu wanaoishi pamoja hutofautiana. Tunachotafuta ni nyumba ambayo mtoto haogopi. Hapa kuna mambo sita ya kujaribu.

Kwanza, ijue saa mbaya ya nyumba yako. Katika nyumba nyingi, shida huwa kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Wakubwa wamechoka, watoto wana njaa, ugali haujaiva, mwanafunzi ana kazi ya shule, na stima pengine imepotea. Punguza mzigo wa saa hiyo. Chambua na ukate sukuma wiki mapema ukiweza. Mpe mtoto kitu kidogo cha kula kabla ya chakula. Mwombe baba au mtoto mkubwa ambebe mdogo unapopika. Ukipunguza njaa na haraka, umepunguza nusu ya ugomvi.

Pili, mazungumzo ya pesa yawe na wakati wake. Kodi, karo na deni la dukani ni mambo ya kuzungumziwa, lakini si mlangoni mtu akiwa ndiyo kwanza anaingia. Unaweza kusema, "Baba watoto, hili ni jambo kubwa. Tulizungumze Jumamosi asubuhi watoto wakiwa nje." Naye baba vilevile anaweza kusema, "Mama watoto, nimesikia. Niache nile kwanza." Jambo lililopangiwa siku halisahauliki, na linazungumzwa kichwa kikiwa kimepoa.

Tatu, hasira ikipanda, mwili ushuke kwanza. Hasira ni hasara. Ukiona mikono inatetemeka na sauti inapanda, nyamaza kidogo. Vuta pumzi polepole kupitia pua, kisha uiachilie polepole zaidi kupitia mdomo. Fanya hivyo mara 10. Toka nje uone hewa, au kunywa maji. Pumzi ndefu huupa mwili habari kwamba hatari imepita, na moyo hupunguza kasi. Mkiweza, kubalianeni mapema kwamba yeyote akisema "tupumzike," wote mnaacha, na mnarudia mazungumzo baadaye. Kurudia ni lazima, maana jambo lililofunikwa huoza.

Nne, mkigombana mbele ya watoto, mpatane pia mbele yao. Wazazi wengi hugombana sebuleni na kupatana chumbani. Mtoto huona vita, haoni amani. Mtafiti wa Marekani E. Mark Cummings, aliyechunguza ugomvi wa wazazi kwa miaka mingi, aligundua kwamba watoto wanaoona ugomvi ukimalizwa vizuri hupunguza wasiwasi, hata wakielezwa tu baadaye kwamba umekwisha. Kwa hivyo asubuhi mwambie mtoto, "Jana baba na mama walikasirika, wakapiga kelele. Sasa tumezungumza, tumepatana. Wewe hukukosa chochote." Maneno hayo ya mwisho ni muhimu sana, kwa sababu watoto wadogo huwa na mazoea ya kudhani kwamba wao ndio walioleta ugomvi.

Tano, jioni iwe na mpangilio unaojulikana. Mtoto hutulia akijua kinachofuata. Kuoga, kula, kusafisha meno, hadithi fupi au wimbo, kisha kulala. Fuata mpangilio huo huo kila siku, hata kama ni wa dakika 30 tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miezi 4 hadi 11 alale jumla ya saa 12 hadi 16 kwa siku, wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, ukihesabu pamoja na usingizi wa mchana. Punguza sauti ya televisheni au uizime kabisa saa ya kulala. Mtoto ambaye hajafika miaka 2 hafai kuketishwa mbele ya televisheni au kupewa simu ili anyamaze. Kwa wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi.

Sita, ujue la kufanya mtoto mchanga anapolia bila kunyamaza. Kilio cha mtoto mchanga huongezeka katika wiki za kwanza, hufika kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua anapofika miezi 3 au 4. Mnyonyeshe, mwangalie kama amelowa, mpime joto, mbebe. Akiendelea kulia na unaona unakasirika, mlaze chali mahali salama, utoke mlangoni kwa dakika chache upumue, kisha urudi umwangalie. Au mwite jirani akusaidie. Usimtikise mtoto kamwe, hata kidogo. Shingo yake haina nguvu, na kumtikisa kunaweza kusababisha damu kuvuja katika ubongo, upofu, hata kifo. Kama mtoto ana joto jingi, anatapika, anakataa kunyonya, au kilio chake si cha kawaida, mpeleke kituo cha afya mara moja. Mweleze yaya na nyanya mambo haya pia, kwa sababu wao ndio hubaki na mtoto ukiwa kazini.

Utulivu si kunyamazia kipigo

Mama, hapa nakuomba usikilize kwa makini. Tunaposema nyumba iwe tulivu, hatumaanishi ufunge mdomo unapopigwa. Mahali penye kipigo, kimya cha mama hakiletei watoto amani. Mtoto anaumia akiona, na anaumia akisikia kutoka upande wa pili wa pazia. Wala usijilaumu kwamba ungenyamaza zaidi usingepigwa. Mwenye makosa ni anayepiga.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutofanyiwa dhuluma, iwe ni hadharani au nyumbani. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inatambua dhuluma za aina nyingi: kupigwa, kulazimishwa kimapenzi, kutishwa na kudhalilishwa kwa maneno, hata kunyimwa pesa za mahitaji. Chini ya sheria hiyo, mahakama inaweza kutoa amri ya kukulinda. Nayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto dhidi ya dhuluma na ukatili.

Kama uko katika hali hiyo, piga simu nambari 1195, ni bure, mchana na usiku. Kama ni mtoto anayedhulumiwa, piga 116, nayo pia ni bure. Unaweza kwenda katika dawati la jinsia kwenye kituo cha polisi, au umwambie mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Ukiumizwa, nenda hospitali kwanza, na useme ukweli wa jinsi ulivyoumia ili uandikwe. Weka kitambulisho chako, vyeti vya watoto vya kuzaliwa na kijitabu cha kliniki mahali unapoweza kuvichukua haraka, au kwa mtu unayemwamini.

Na kama ni wewe unayepiga watoto kwa hasira, unaweza kuacha. Nenda kliniki au kwa mhudumu wa afya ya jamii uombe ushauri. Hakuna atakayekucheka.

Neno la kumalizia

Mama mpendwa, hakuna nyumba isiyo na siku mbaya. Pesa hupungua, watu huchoka, maneno huteleza. Mtoto hahitaji wazazi wasiokosea. Anahitaji siku nyingi za kutulizwa kuliko za kutishwa, na anahitaji kuona kwamba mlikasirika, mkapatana, na asubuhi uji uko tayari kama kawaida. Anza leo na jambo moja kati ya yale sita. Likikaa vizuri, ongeza la pili.

Mwelezee jirani yako uliyoyasikia, na baba wa nyumba pia.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Saa mbaya ya nyumba yako ni ipi, na ni nini hasa huileta?
2. Ni jambo gani moja unaloweza kubadilisha jioni ya leo bila kutumia pesa?
3. Wazazi wakigombana mbele ya watoto, wanawezaje kupatana mbele yao?
4. Taja mambo matatu ya kufanya mtoto mchanga anapolia sana na wewe umechoka.
5. Jirani yako akikuambia anapigwa nyumbani, utamwelekeza wapi?